Pambo Lisilosikika

Mwaka 1968, katika kiwanda cha Fender mjini Fullerton, California, mafundi walichukua magitaa ya umeme ya aina ya Telecaster na kuyabandika karatasi ya ukutani. Ilikuwa karatasi yenye gundi mgongoni, kama zile ambazo familia hununua kupambia chumba, ya rangi ya waridi na imejaa michoro ile ambayo wavaaji wa kanga huiita korosho. Kingo za mbao zikapuliziwa rangi inayofanana na karatasi ili mtu asione inapoishia, kisha juu ya yote ikapulizwa vanishi angavu. Hata kile kibao cha plastiki kinachokinga mbao dhidi ya kucha za mpigaji kilitengenezwa kwa plastiki angavu, isifichike korosho hata moja. Gitaa hilo liliitwa Paisley Red. Ndugu yake, lenye maua ya buluu, likaitwa Blue Flower.

Fender wakati huo ilikuwa mali ya CBS, shirika la utangazaji lililoinunua mwaka 1965, na nia ilikuwa kuwauzia vijana wa zama za hipi kitu kinachofanana na nguo zao. Vijana hawakulichangamkia. Muda mfupi baadaye magitaa hayo yaliondolewa sokoni. Kabla ya hapo, mwaka 1969, moja lilimfikia James Burton, mpigaji wa Louisiana aliyekuwa ameanza kumpigia Elvis Presley huko Las Vegas. Burton amesimulia kwamba alisita kupanda nalo jukwaani, maana aliliona lina makeke mno. Siku alipothubutu, Elvis akalipenda. Tangu hapo karatasi ile ya ukutani na mtu yule havitajwi mbalimbali.

Kilichosikika ukumbini hakikuwa na deni lolote kwa karatasi.

Jambo hili linahitaji kuelezwa, kwa sababu ndilo linalolifanya gitaa la umeme liwe kielelezo safi cha swali la zamani sana. Gitaa kavu hupata sauti yake kwenye ubao wa juu, ubao mwembamba unaotetemeka na kuusukuma upepo. Ukiulemea kwa gundi na mipako minene ya vanishi unaukaba koo. Gitaa la umeme halifanyi kazi hivyo. Chini ya nyuzi zake za chuma pana sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba maelfu ya mara. Uzi ukitikisika huuvuruga uga wa sumaku, umeme mdogo huzaliwa ndani ya waya, na umeme huo ndio unaokwenda kwenye amplifaya. Kiwiliwili chenyewe, kwa Telecaster, ni kipande kizima cha mbao chenye unene wa karibu milimita 45. Wapenzi wa magitaa hubishana usiku kucha kama mbao za aina hii zinaimba tofauti na za aina ile, lakini ni vigumu kumpata mtu anayeshikilia kwa dhati kwamba karatasi ya unene wa sehemu ya kumi ya milimita inasikika.

Basi karatasi inafanya nini pale? Kitu kinapopambwa kwa pambo lisiloigusa kazi yake, pambo hilo ni sehemu ya kitu au ni mgeni aliyepanda mgongoni? Na kama ni mgeni, je, ni mgeni mwongo?

Watawa wa Ufaransa walibishana juu ya jambo hili karne tisa zilizopita, na ubishi wao bado ndio bora zaidi tulio nao. Mnamo mwaka 1125 hivi, Bernard wa Clairvaux alimwandikia rafiki yake, Abate William wa Saint-Thierry, waraka mkali kuhusu mapambo ya makanisa ya watawa. Bernard hakudai kuwa uzuri ni uovu. Alikubali kwamba maaskofu, wanaowachunga watu wa kawaida, wanaweza kuhitaji vitu vya kung'aa ili kuamsha ibada. Uchungu wake ulikuwa mahali pawili. Kwanza, kuta za kanisa zinavikwa dhahabu huku maskini wa kanisa hilohilo wakiwa uchi. Pili, mtawa anaweza kushinda kutwa akiyakodolea macho majitu na wanyama wa ajabu waliochongwa kwenye nguzo badala ya kutafakari sheria ya Mungu.

Aliyesimama upande wa pili alikuwa Suger, Abate wa Saint-Denis karibu na Paris, ambaye upande wa madhabahu wa kanisa lake jipya uliwekwa wakfu mwaka 1144. Suger naye aliandika. Alisimulia jinsi rangi za vito vilivyokuwa madhabahuni zilivyomtoa katika mahangaiko ya nje, zikampandisha kutoka vitu vinavyoshikika hadi visivyoshikika. Kwa Bernard pambo linamshusha mtu kutoka kwa Mungu na kumrudisha kwenye jiwe, na kwa Suger ni jiwe lilelile linalomnyanyua.

Karatasi inalipunguza makali shtaka la kwanza la Bernard. Katika karne ya 18 mafundi wa Venice walikuwa na mbinu iliyoitwa lacca povera, yaani laka ya kimaskini. Ulaya ilikuwa imevutiwa na samani zilizopakwa laka kutoka China na Japani, ambazo bei yake ni wachache walioiweza. Mafundi wakaanza kukata picha zilizochapwa, nyingine zikitoka kwa akina Remondini wa Bassano waliochapa picha kwa wingi, wakazipaka rangi, wakazibandika kwenye kabati na meza, kisha wakazifunika kwa vanishi mpako juu ya mpako mpaka kidole kisihisi ukingo wa karatasi. Hakuna maskini aliyevuliwa nguo ili kabati livikwe. Karatasi, mkasi, gundi, na saa nyingi za mtu mwenye subira: hiyo ndiyo gharama, na ndiyo gharama ya gitaa la kolaji, yaani lililobandikwa vipande vya karatasi na picha, hadi leo.

Lakini laka ya kimaskini inafungua shtaka jingine, zito kuliko la israfu. Ile ni karatasi inayojidai laka. Ni uongo uliopigwa msasa.

Aliyelishtaki pambo kwa kelele zaidi katika karne iliyopita ni Adolf Loos, msanifu majengo wa Vienna, aliyetoa mwaka 1910 mhadhara wake maarufu uliolinganisha pambo na uhalifu. Hoja yake ilikuwa kwamba utamaduni hukua kwa kadiri unavyoyaondoa mapambo kwenye vitu vya matumizi. Mfano wake mkuu wa binadamu ambaye hajakua ulikuwa mtu wa Papua, anayechanja ngozi yake, anayepamba mtumbwi wake na kasia lake. Msomaji ambaye mlango wa nyumba ya babu yake Lamu au Unguja umechongwa kuanzia kizingiti hadi juu, au ambaye bibi yake wa Kimakonde alikuwa na chale usoni, ana haki ya kusimama hapo na kuuliza ni nani aliyempa Loos kipimo hicho. Nadharia iliyoanza kwa kuwadharau watu haiwezi kusameheka kwa kuwa nyumba alizozijenga mwenyewe zilikuwa nadhifu.

Hata hivyo ndani ya mhadhara ule mna jambo moja la kweli, na uadilifu unataka lisemwe. Loos alisema pambo la mtindo huchakaa kabla ya kitu chenyewe: kiti bado kizima lakini michoro yake imepitwa na wakati, kwa hiyo kinatupwa, na jasho la fundi linatupwa pamoja nacho. Karatasi ya waridi ya Fullerton ilikuwa pambo la aina hiyo hasa. Ilichaguliwa na watu wa biashara wakikisia vijana watavaa nini. Haikuwa na neno lake lenyewe la kusema juu ya gitaa wala juu ya mtu yeyote, na mtindo ulipogeuka ikabaki bila wa kuitetea. Loos angelitazama gitaa lile dukani mwaka 1968 akatikisa kichwa, na asingekosea.

Angekosea baadaye, lile la Burton lilipokwisha kupigwa usiku baada ya usiku. Hapo ndipo nadharia yake inapokatika, na ili kuona inakatikia wapi yafaa kuondoka Vienna kidogo na kurudi kwenye lugha.

Kiswahili kina neno mpambe. Bibi harusi hupambwa, na huwa na wapambe wake. Rais naye ana mpambe: afisa wa jeshi anayesimama nyuma yake hatua mbili, aliyenyooka, bila kusema neno. Ukimwondoa mpambe, rais bado ni rais, na sahihi yake kwenye sheria haipungui nguvu. Lakini kila anayetazama anajua kuna kitu hakijakamilika. Neno hilo linabeba wazo kwamba anayepamba ni yule anayesimama karibu, na kwamba kusimama karibu ni kazi. Ananda Coomaraswamy, mwanazuoni mzaliwa wa Colombo aliyefanya kazi miaka mingi katika Jumba la Makumbusho la Sanaa mjini Boston, alichapisha mwaka 1939 makala kuhusu pambo akionyesha wazo lilelile katika lugha nyingine. Maneno mengi ya kale tunayoyatafsiri kama pambo, alisema, awali yalimaanisha zana: kile ambacho kitu au mtu anakihitaji ili awe tayari kwa jukumu lake. Kosmos ya Wagiriki ni pambo, na ni mpangilio wa ulimwengu pia. Askari aliyevaa silaha zake amepambwa.

Kiswahili kinaongeza jambo ambalo Coomaraswamy angelifurahia. Gitaa ni ala ya muziki. Kifuko cha ngozi kinachohifadhi kisu nacho ni ala. Asili ya maneno hayo mawili si moja, lakini sikio linayakutanisha, na ukweli wa gitaa la umeme uko katikati yao: ni chombo kinachotoa sauti, na ni ala inayoifunika sauti hiyo na kuipa umbo la kushikwa.

Wasomi wa Kiislamu wana istilahi kamili za mjadala huu: dhahiri na batini, kinachoonekana na kilichofichika. Ni rahisi kudhani kwamba batini ndiyo kweli na dhahiri ni ganda la kumenywa. Lakini katika Sura ya Al-Hadid, aya ya tatu, majina yote mawili ni ya Mwenyezi Mungu, moja limekaa kando ya jingine, bila lolote kuwekwa chini ya mwenzake. Aya hiyo haihusu magitaa, na si vyema kuilazimisha ihusu. Inachofanya ni kumnyima mtu ruhusa ya kusema kwa wepesi kwamba cha nje, kwa kuwa ni cha nje, si kitu.

Anayetaka kuona dhahiri na batini vikigombana juu ya ubao mmoja na ajaribu kulibandika gitaa gazeti.

Kazi huanza kwa kulivua gitaa vyuma vyake vyote na kuipiga msasa rangi ya zamani mpaka ipoteze mng'ao, maana gundi haishiki juu ya kitu laini. Kisha hupakwa gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji, karatasi ikalazwa, na viputo vya hewa vikasukumwa kwa kidole kutoka katikati kwenda nje. Sehemu bapa haina tabu. Tabu iko kwenye mapindo, kwa sababu karatasi hukubali kukunjwa upande mmoja tu kwa wakati. Ukiilazimisha ipinde pande mbili inajikunyata. Ndiyo maana kolaji ya vipande vidogo hulala vizuri kwenye gitaa kuliko picha moja kubwa: kila kipande kina kona ndogo tu ya kuinamia. Gundi ikikauka, matundu ya skurubu na vitasa hutobolewa kwa wembe.

Halafu vanishi. Mipako ya kwanza lazima iwe myepesi kama pumzi. Picha iliyochapwa kwa mashine ya wino wa maji hutoka machozi ikiguswa na unyevu. Ile ya leza huvumilia zaidi. Gazeti lina ajabu yake. Likilowa vanishi kabla ya kuzibwa vizuri, nafasi za hewa katikati ya nyuzi za karatasi hujaa, mwanga unapita badala ya kutawanyika, na maandishi ya upande wa nyuma hujitokeza mbele. Fundi alikata picha ya mwanamuziki anayempenda, na sasa juu ya shavu la mwanamuziki huyo yanasomeka, kinyumenyume, matangazo ya bei za mahindi yaliyokuwa ukurasa wa pili. Hakuna msasa wa kuyaondoa. Batini ya karatasi imepanda ikawa dhahiri.

Mafundi wengi huliona hilo kama kosa, na huziba karatasi kwa gundi juu na chini ili lisitokee. Wanafanya vyema. Lakini wanaoliacha nao wana hoja, kwa sababu karatasi imesema ukweli juu yake yenyewe: haikuzaliwa pambo, ilitoka mahali, na mahali hapo palikuwa na upande wa pili.

Gitaa na gazeti vilikwisha kukutana juu ya meza ya mchoraji Pablo Picasso kabla gitaa la umeme halijaingia sokoni. Septemba 1912 mwenzake Georges Braque alinunua dukani Avignon karatasi ya ukutani iliyochapwa kuiga mbao, akaibandika kwenye mchoro. Picasso akafuata. Mwezi Novemba mwaka huo alitengeneza kolaji yenye karatasi ya ukutani kama usuli, kipande kilichopakwa rangi kuiga mbao, karatasi ya buluu, kipande cha noti za muziki, mchoro wa glasi, na duara jeupe mahali pa tundu la gitaa. Chini kuna kipande cha gazeti Le Journal, kilichokatwa jina lake likabaki herufi tano tu, LE JOU, ambazo kwa Mfaransa zinakaribia siku na zinakaribia kucheza. Kichwa cha habari kinatangaza kuanza kwa mapigano: ni vita vya Balkani. Kazi hiyo iko leo katika Jumba la Makumbusho la McNay, San Antonio, Texas.

Itazame kwa shtaka lile la uongo. Kuna karatasi inayojidai mbao, naam. Lakini ukingo wake umekatwa waziwazi na haumdanganyi mtu. Gazeti halijidai chochote: ni gazeti. Picasso angeweza kuchora gazeti, mkono wake uliliweza hilo usingizini. Aliliweka lenyewe, na kwa kuliweka lenyewe alileta mezani siku fulani ya Novemba, pamoja na watu waliokuwa wakifa siku hiyo mahali mbali na glasi yake. Hapo kolaji inaacha kuwa laka ya kimaskini na inakuwa ushahidi. Shahidi hapimwi kwa kazi anayoifanya. Hapimwi kwa uzuri pia, ingawa uzuri haumdhuru. Anaulizwa kama alikuwapo, na kama anachosema ni kweli.

Hili ndilo jibu linaloweza kushikiliwa mbele ya Bernard na mbele ya Loos kwa pamoja. Karatasi iliyo juu ya gitaa haiisaidii sauti, na haikuitwa kuisaidia. Inatoa ushahidi juu ya mikono inayolishika. Woody Guthrie, mwanamuziki wa Marekani, aliandika juu ya magitaa yake katika miaka ya 1940 kwamba mashine ile huwaua mafashisti. Maneno yale hayakuongeza wala kupunguza mtetemo wa nyuzi, lakini kila wimbo uliotoka pale ulikuwa umewekewa saini kabla haujaanza. Na Burton? Karatasi yake ilichaguliwa na wafanyabiashara, haikuwa na ushahidi wowote siku ilipobandikwa. Yeye aliupa. Alisimama nayo miaka mingi hadi ikawa na kitu cha kushuhudia. Ushahidi, inaelekea, unaweza kumfikia shahidi akiwa tayari kizimbani.

Lakini shahidi analetwa vipi kizimbani? Kwa mkasi. Na hapa swali linageuka upande usiopendeza sana. Kila kipande kilichopo kwenye gitaa kimekosekana mahali pengine.

Wakristo waliwahi kuzikatakata Injili kwa mikono yao wenyewe, tena kwa unyenyekevu. Nicholas Ferrar aliuacha ulimwengu wa biashara London akahamia na jamaa zake kijiji cha Little Gidding, Uingereza, katika miaka ya 1620. Katika miaka ya 1630 familia hiyo, wakiwamo wapwa zake Mary na Anna Collett, walikata Injili nne zilizochapwa, mstari kwa mstari, wakazipanga upya ziwe simulizi moja la maisha ya Yesu, wakabandika na picha, kisha wakakandamiza kurasa kwa mashine hadi zikaonekana kama zimechapwa hivyo. Mfalme Charles I aliona moja, akaomba atengenezewe yake.

Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani, alifanya kazi hiyohiyo na kuimaliza mwaka 1820 akiwa na miaka 77. Alikata nakala za Agano Jipya katika Kigiriki, Kilatini, Kifaransa na Kiingereza, akabandika mafundisho ya Yesu safu nne pembeni kwa pembeni. Miujiza hakuibandika. Kitabu chake kinaishia kaburini, jiwe likiwa limevingirishwa mlangoni. Taasisi ya Smithsonian inacho, na inazo pia nakala mbili za Kiingereza alizozikata, kurasa zake zikiwa na matundu. Akina Collett walikata ili kisipotee kitu. Jefferson alikata ili kitu kipotee. Mkasi haujui tofauti hiyo. Anayeijua ni yule anayetazama kilichobaki sakafuni.

Dini nyingine zimejilinda dhidi ya mkasi kwa kuilinda karatasi. Wayahudi wa Kairo, kwa desturi ya kutotupa maandishi yenye jina la Mungu, waliweka karatasi zao chakavu katika chumba cha sinagogi la Ben Ezra kwa karne nyingi. Msomi Solomon Schechter alipofika huko mwaka 1896, vilikuwamo vipande vingi kiasi kwamba zaidi ya 190,000 vilikwenda Cambridge. Mwaka 1972 mafundi waliokuwa wakikarabati Msikiti Mkuu wa Sana'a, Yemen, walikuta kati ya dari na paa lundo la kurasa za kale za Qur'ani zilizohifadhiwa kwa heshima hiyohiyo. Mtoto aliyesoma chuoni katika Pwani ya Afrika Mashariki anaijua heshima hiyo bila kufundishwa kwa vitabu: karatasi yenye aya haikanyagwi, haifungiwi vitumbua, na ikichakaa huchomwa au huzikwa. Anajua pia hirizi, ambamo karatasi iliyoandikwa hushonewa ndani ya ngozi na kuvaliwa bila kuonekana. Hirizi ni kinyume cha gitaa la kolaji. Karatasi yake hufanya kazi ikiwa imefichwa, na ya gitaa haina maana yoyote mpaka ionekane.

Kwa hiyo anayetaka kuweka ukurasa wa msahafu au wa kitabu cha nyimbo za kanisa juu ya gitaa lake, hata kwa mapenzi, anapaswa kufikiri mara ya pili. Sababu ni ya kimwili kabisa. Gitaa huegemea tumbo na kifungo cha mkanda. Hulowa jasho. Huachwa sakafuni nyuma ya jukwaa na huingia baa. Vanishi inaukinga ukurasa dhidi ya maji, lakini haiukingi dhidi ya mahali gitaa linapokwenda. Barua ya mama nayo, au picha pekee ya baba aliyefariki, bora ibaki nzima kwenye kabati na nakala yake ndiyo ikatwe. Wapo watakaosema nakala ni ushahidi wa kusikia. Huenda. Lakini mtu anaweza kuapa kwa kumtaja mamaye bila kumtoa mamaye nyumbani.

Vanishi yenyewe haitunzi ahadi milele. Ile ya Fender ya 1968 haikushikana vizuri na karatasi, na mengi ya magitaa yale yamejaa nyufa na mabaka yaliyobanduka. Vanishi za nitroselulosi zilizotumika kwa miongo mingi hugeuka manjano na kupasuka mistari midogo zinapopata baridi ya ghafla. Gazeti lililo chini yake nalo lina asidi na lignini ya mti ndani mwake, likiona mwanga linageuka rangi ya chai, liwe limefunikwa au wazi. Gitaa la Gibson SG la mwanamuziki Eric Clapton, lililopakwa rangi mwaka 1967 na wasanii wa Kiholanzi Simon Posthuma na Marijke Koger, lilianza kubanduka rangi mikononi mwa wapigaji. Todd Rundgren, mwanamuziki aliyelinunua miaka ya 1970 kwa dola 500, alilifanyia ukarabati ili liendelee kupigwa. Mwaka 2023 liliuzwa mnadani kwa dola milioni 1.27, likiwa na rangi ya mikono mingine zaidi ya ile ya mwanzo.

Kwenye gitaa la kolaji uchakavu una njia yake inayojulikana. Vanishi hufa kwanza kwenye ukingo wa juu, pale mkono wa kulia unapolala mpigaji anapocharaza. Kwanza mng'ao unaondoka. Kisha ukingo wa karatasi unahisika tena kidoleni, baada ya miaka ya kutohisika. Halafu jasho linaingia chini yake, na kipande kinaondoka kidogokidogo na shati la mpigaji, mpaka ubao unachungulia. Fundi anayelijua hilo hukaa na vipande vyake mezani kwa muda mrefu kabla ya kufungua gundi. Picha zote amekwisha kuzipangia mahali. Amebaki na kona ile moja ya juu, na anavigeuza vipande viwili mkononi, akiamua ni kipi atakachokiweka pale.